Neno la Bwana Shauri na Samadi ya Mughwai

Nisamehe kabla sijaanza, maana hadithi hii nitaiharibu. Ilitakiwa isimuliwe na mtu aliyekaa kimya akasikiliza, na siku ile mimi sikukaa kimya hata nilipokuwa nameza. Isitoshe, uchekeshaji nilijifunzia jukwaani, kule Tabora, kwa bwana mmoja aliyekuwa akituambia: ukisahau maneno, anguka; watu watacheka, nawe utapata nafasi ya kukumbuka. Humu kwenye karatasi nikianguka nani ataniona? Basi vumilia tu. Ukiona nimeruka jambo, ujue niko chini, najipangusa vumbi.

Kijiwe chetu kilikuwa Singida mjini, mkabala na korti ya Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya. Benchi lilikuwa mataruma ya mbao, yale yanayolala chini ya reli, yaliyowekwa juu ya mawe. Serikali ilipoing'oa reli ya kwenda Manyoni, mfunga breki mmoja aitwaye Kefa aling'oka pamoja nayo, akaja na mataruma hayo begani, akasema hapa ndipo stesheni. Tukamwita Behewa, maana hata akiwa amekaa peke yake aliona kuna kitu kinamvuta. Wa pili alikuwa Stefano, aliyerudi kutoka vita vya Bama, yaani Burma, na koti moja na majibu ya maswali yote. Naye tukamwita Bama. Muuza kahawa alikuwa Idrissa, na birika lake na kashata zake. Mimi waliniita Kelele. Sababu sijaijua mpaka leo.

Siku hiyo tulikuwa na wageni wawili benchini, wenye kesi wenyewe, Naftali upande huu na Mughwai upande ule, sisi katikati kama shehena. Idrissa alikuwa na sheria yake: wenye kesi hawanywi mbali mbali. Akimmiminia mmoja, anammiminia na mwenzake. Asiyetaka akanywe ziwani, na maji ya ziwa letu ni magadi matupu.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Naftali alikuwa na ng'ombe, Mughwai alikuwa na urafiki. Zamani Naftali akamwekesha baadhi ya ng'ombe, kama watu wa kwetu wanavyofanya. Mwenye kuwekeshwa anakunywa maziwa, ng'ombe wanalala zizini kwake, na samadi inakwenda kwenye uwele wake. Shamba lisilo na samadi kwetu ni uwanja wa upepo kuchezea. Sasa Naftali alikuwa amehamia Mandewa, akawataka ng'ombe wake. Hilo halikuwa na ugomvi. Mughwai aliwaleta mwenyewe, na asubuhi ile walikuwa wamefungwa kwenye uzio wa korti wakicheua, peke yao wasio na wasiwasi. Ugomvi ulikuwa lundo la samadi lililobaki zizini, la kiangazi kizima. Naftali alilitaka nalo. Na mawingu ya mvua ya kwanza yalikuwa yameanza kujikusanya.

Mbele ya Bwana Shauri Naftali alisema: ng'ombe ni wangu, mbuga waliyochungwa ni yangu, basi samadi ni majani yangu yaliyozunguka. Wazee wa baraza wakatazamana kama watu walioibiwa mchana, maana mbuga ni ya wote. Mughwai, ambaye si mtu wa maneno, akasema: "Mimi nimezoa." Akakaa.

Bwana Shauri, kijana mwenye masikio mekundu aliyependa maneno kuliko chakula, akapiga meza kwa furaha. Akasema jambo hili hata kwao Uingereza liko, nalo lina neno lake, neno la nadra, hata Waingereza wengi hawalijui: *agist*, akalitamka "ajisti". Ni kupokea mifugo ya mtu na kuilisha kwa malipo. Mzee mmoja akamuuliza, je, neno hilo linasemaje juu ya samadi? Bwana Shauri akakwama. Akasema neno hilo ni la kale kama desturi yetu. Akijua lilizaliwa wapi, atajua waliolitunga walikuwa na nia gani. Akavaa kofia akapanda mlimani nyumbani kwake kwenye kitabu chake kikubwa. Akirudi, atakata shauri.

Ndiyo hali tuliyokuwa nayo. Chakula cha mwaka mzima cha nyumba ya Mughwai kilikuwa kimening'inia kwenye ukoo wa neno ambalo hatukuwahi kulikanyaga. Unadhani tulikaa kimya tukangoja?

STEFANO: Mimi neno hilo nalijua. Ni jina la mtu.

KEFA: Mtu gani tena?

STEFANO: Bwana Ajisti. Waingereza wana mchezo huo, niliuona kambini. Mtu akifanya ujinga ukapita kiasi, hawamfungi. Wanaligeuza jina lake kuwa neno, watoto walisome shuleni.

MIMI: Afadhali kifungo.

STEFANO: Huyo Ajisti aliachiwa ng'ombe wa mfalme. Mfalme anakwenda vitani, anamwambia, Ajisti, nitunzie hawa. Anarudi, ng'ombe wamekonda, Ajisti amenenepa. Ndiyo hiyo kuajisti: kunenepea mali ya mwenzio.

NAFTALI: Sasa hayo ndiyo maneno! Idrissa, mwongeze Bama kahawa.

IDRISSA: Nikimwongeza Bama kwa neno lako, namwongeza na Mughwai.

NAFTALI: Mughwai kasema nini?

IDRISSA: Hajasema. Lakini mtazame. Kama kuna mtu amenenepea mali ya mwenzio hapa, si yule.

Tukamtazama Mughwai. Alikuwa mwembamba kama fimbo aliyoishika. Ungeweza kukosea ukachungia yeye.

KEFA: Mnapoteza muda. Neno hilo halikutoka kinywani mwa mtu. Limetoka kwenye breki.

STEFANO: Lo! Treni imeingia.

KEFA: Sikilizeni. Treni ya ng'ombe inafika Manyoni. Unafunga breki. Mvuke unatoka chini. Unasemaje? Ajiiiisti! Mimi nimeusikia kwa masikio haya. Mwingereza amesimama pale na kijitabu, anasikia, anaandika. Tangu siku hiyo kuwahamisha ng'ombe kwenda kwa mtu mwingine ni kuajisti.

MIMI: Na kabla ya treni waliwekeshaje?

KEFA: Kabla ya treni hakuna aliyewekesha. Wangewapelekaje?

STEFANO: Kwa miguu.

KEFA: Kwa miguu! Ndiyo maana reli yetu imekufa, watu wenyewe mna mawazo ya miguu.

NAFTALI: Haya, Behewa, tuseme ni breki. Samadi ya nani?

KEFA: Hilo halina maswali. Ng'ombe wakishateremka, kilichobaki ndani ya behewa ni cha reli. Nani alikuwa anafagia? Sisi. Sijawahi kumwona mwenye ng'ombe akirudi stesheni kudai.

Hapo Mughwai aliinua uso kwa mara ya kwanza. Naftali akaweka kikombe chini kwa nguvu.

NAFTALI: Behewa halinywi maziwa! Huyu amekunywa maziwa miaka yote hii. Malipo yake ndiyo hayo. Sasa anataka anywe na ale.

Ndipo nilipogundua mchezo, nami mchezo nikiugundua hauniponyoki. Kila aliyetaja asili ya neno alikuwa anakata kesi. Likizaliwa kwa mla mali, Naftali kashinda. Likizaliwa kwenye breki, Mughwai kashinda. Bwana Shauri angeweza kubaki kwake alale. Korti ilikuwa imehamia kwenye mataruma.

IDRISSA: Mnaruhusu na mimi?

STEFANO: Wewe mimina.

IDRISSA: Namimina huku nasema. Maneno yote yenye uzito yametoka Arabuni, hata haya ya Waingereza. Wao waliyapitisha njia ya baridi tu, yakakakamaa. Hilo asili yake ni *ajizi*. Mtu ana ng'ombe, kuamka mapema kuwafungulia hataki, kuzoa hataki, kukesha na fisi hataki. Ajizi hiyo! Anampa mwenzake. Mwingereza akaongeza vimashine vyake mwishoni, likawa ajisti.

NAFTALI: Mimi ajizi?

IDRISSA: Sijataja mtu. Nimetaja neno.

NAFTALI: Unanitazama!

IDRISSA: Natazama kikombe chako kama kimejaa.

Naftali akasimama. Nikaona benchi linataka kupinduka, nikaona huu ndio wakati wa sanaa. Nikaruka katikati.

MIMI: Jamani, kaeni, kaeni! Ukweli ninao mimi. Uingereza kuna baridi gani, Bama?

STEFANO: Wenyewe walituambia mate yanaganda kabla hayajafika chini.

MIMI: Basi. Ng'ombe wa baridi ile analala wapi? Ndani! Na nani? Na bwana, na bibi, na mama mkwe. Sasa usiku ng'ombe anashikwa na mafua. Tazama.

Nikajitia pembe kwa vidole viwili, nikapanua pua, nikamgeukia kila mtu taratibu kwa macho ya ng'ombe mwenye homa, mpaka hata mpita njia akasimama. Nikavuta pumzi ya Tabora yote.

MIMI: A... a... a... AJISTI!

Sitaficha kwamba nilikuwa na kahawa mdomoni. Nyingi ilikwenda kwenye koti la Naftali. Watu wakacheka hadi ng'ombe wa kesi wakaacha kucheua. Naftali mwenyewe alijikaza, akajikaza, kisha bega moja likaanza kumtikisika.

STEFANO: Kelele, hiyo chafya umeisoma wapi?

MIMI: Kwa Bi Harusi, ng'ombe wangu. Akipiga chafya yule, kuku wanahama.

STEFANO: Ehe, Bi Harusi! Analala wapi siku hizi? Ua wako si uliliwa na mchwa ukaanguka wote?

MIMI: Yuko mahali salama. Pana ukuta, pana mlinzi.

KEFA: Wewe umempata wapi mlinzi?

MIMI: Turudi kwenye neno.

Lakini kicheko kikiisha, watu wanabaki na walichokuja nacho. Ngurumo ilisikika mbali. Wote tukatazama juu, na Mughwai akasema maneno mengi kuliko aliyoyasema tangu nimjue.

MUGHWAI: Naftali. Kristina amekwisha kulima. Shamba liko wazi. Mvua ya kwanza ikiikuta samadi zizini, inaibeba yote mpaka bondeni. Hapo mimi nitashindwa, na wewe utashindwa. Litashinda korongo.

NAFTALI: Unadhani mimi napenda kesi? Ile ardhi niliyopata hata kunguru hatui. Dina kila jioni ananitazama kama mimi ndiye niliyeikausha. Nifanyeje?

MUGHWAI: Ungesema hivyo tangu mwanzo.

NAFTALI: Ningesemaje? Kwamba mimi mwenye ng'ombe ndiye ninayeomba?

Wakati huo ndipo Kristina, mkewe Mughwai, alipotokea kwenye njia, tenga tupu kichwani, samadi imemkauka miguuni mpaka magotini. Alikuwa ametoka nyumbani kwa mwendo wa mawingu.

KRISTINA: Shikamooni.

SOTE: Marahaba, mama, marahaba.

KRISTINA: Shemeji Naftali, za Mandewa?

NAFTALI: Za huko nzuri, shemeji.

Alijibu akiangalia viatu vyake. Kesi au si kesi, mkono wa Kristina ulikuwa umempikia ugali miaka mingi.

KRISTINA: Shauri limekatwa?

STEFANO: Bado. Limesimama kwenye neno la Kiingereza.

KEFA: Linatoka kwenye breki.

IDRISSA: Linatoka Arabuni.

MIMI: Ni chafya, mama. Nikuonyeshe?

KRISTINA: Usinionyeshe. Haya, neno ni kazi yenu. Mimi nina swali dogo, kisha nikapike. Ng'ombe walitoka kwetu asubuhi. Shemeji, usiku wa leo watalala wapi?

Naftali akamtazama Stefano, mwenye majibu yote. Stefano akakuta koti lake lina uzi unaomsumbua. Kefa akaanza kukagua taruma.

KRISTINA: Zizi la Mandewa umelijenga?

NAFTALI: Nilikuwa nijenge. Kisha kesi ikaja.

KRISTINA: Miiba umekata?

NAFTALI: Bado.

KRISTINA: Hata nguzo?

NAFTALI: Shemeji, bado.

KRISTINA: Na fisi wa Mandewa, wameambiwa wangoje neno?

Ngurumo ikarudi, karibu zaidi. Naftali akaondoka upande wake wa benchi. Tulidhani anaondoka kabisa. Akatuzunguka kwa nyuma, akaja kukaa upande ule, pembeni ya Mughwai. Tangu asubuhi alikuwa anazungumza naye kupitia kwa wazee, kupitia kwa Bwana Shauri, kupitia kwa birika la Idrissa. Sasa hapakuwa na kitu katikati.

NAFTALI: Mughwai. Wanaweza kulala kwako leo?

MUGHWAI: Wanaijua njia.

NAFTALI: Na kesho? Mpaka nikate miiba?

MUGHWAI: Miiba tutakata wote.

NAFTALI: Na samadi ya usiku wa leo?

Sote tukainama mbele kama watu wanaochungulia kisima. Mughwai akakuna kidevu. Kristina akamsaidia.

KRISTINA: Shemeji, njoo asubuhi na mapema, nikupe tenga, uzoe mwenyewe. Ukimaliza kuzoa, kama mgongo bado unataka kubishana, tutabishana.

Bega lile lililokuwa likimtikisika Naftali tangu chafya sasa likamwachia kabisa. Akacheka mpaka akapangusa macho kwa koti lenye kahawa yangu.

NAFTALI: Basi. Lundo ni lenu. Mliowalaza na kuzoa ni nyie. Ila nipeni kidogo ya kuanzia, nisirudi kwa Dina mikono mitupu.

MUGHWAI: Utachukua ya chini.

NAFTALI: Ya chini?

MUGHWAI: Ndiyo iliyoiva.

Asiyelima hatajua alichopewa pale. Naftali alijua, akampa Mughwai mkono. Wakaenda uzioni kuwafungua ng'ombe, mmoja akishika kamba, mwingine akisukuma nyuma, na matone ya kwanza yakaanza kuchora vumbi.

Hapo ndipo Bwana Shauri alipotelemka mlimani mbio, kofia mkono mmoja, kitabu kikubwa kakifunika ndani ya koti kama mtoto.

BWANA SHAURI: Nimelipata! Nimelipata neno!

Tukasimama. Yeye mwenyewe alisimama katikati ya matone, akatueleza kwa Kiswahili chake cha kitabuni, kila neno limepigwa pasi.

BWANA SHAURI: Neno hili kwa asili si letu. Tulilitwaa zamani sana kwa Wafaransa. Kwao lilikuwa na maana ya kulaza, kumpa mtu au mnyama mahali pa kulala. Nalo lilitoka Kilatini, huko ni kulala chini tu, basi. Kwetu lilianza kutumika kwa mifugo iliyopokelewa katika misitu ya mfalme. Kwa hiyo mzizi wa jambo si maziwa, wala si majani. Ni malazi! Nimekata shauri. Aliyewalaza ng'ombe ndiye mwenye kilichobaki walipolala. Samadi ni ya Mughwai.

Nikapiga makofi. Nilipiga kuliko wote, nikapiga mluzi, nikarusha na kofia yangu juu. Nakumbuka nilipaza sauti: "Hiyo ndiyo sheria! Isibadilishwe kamwe!"

BWANA SHAURI: Wako wapi wenye kesi?

Kefa akamwonyesha. Walikuwa wamekwisha kuvuka barabara, Naftali na Mughwai na Kristina, nyuma ya ng'ombe, wakizozana kwa furaha juu ya mahali pazuri pa kukata miiba.

BWANA SHAURI: Nani amewakatia shauri?

KEFA: Ng'ombe, Bwana. Walitaka pa kulala.

Masikio yake yakazidi kuwa mekundu, na kidogo nilimwonea huruma. Alikuwa amekimbia na kitabu chote kile. Lakini Stefano alikuwa bado hajaridhika. Neno lake la Bwana Ajisti lilikuwa limekufa, akatafuta cha kulizikia.

STEFANO: Ngoja, Bwana. Kwa hiyo neno ni la Mfaransa?

BWANA SHAURI: Kwa asili, ndiyo.

STEFANO: Ninyi mmelilaza tu kwenu.

BWANA SHAURI: Aa... kwa namna fulani, naam.

KEFA: Na maziwa yake mmekunywa.

IDRISSA: Mfaransa akija na kamba kulidai?

Bwana Shauri akacheka kwa dhati, akainua kidole kutujibu. Kidole kikabaki juu. Nadhani aliona mwenyewe njia ile inakoelekea, na Stefano alikuwa amekwisha kuvua kofia.

STEFANO: Basi nisaidie na hili, Bwana, maana leo umefungua kitabu. Kule vitani tulielezwa kwamba nchi hii si ya Mwingereza. Mataifa yameiweka kwake aitunze. Nikamuuliza sajini, mwenyewe ni nani? Akaniambia nifunge kamba za viatu. Nimezifunga tangu siku hiyo. Sasa nakuuliza wewe: mwenyewe akija kuichukua, itakuwaje?

Mvua ilikuwa inaanza kusema juu ya mabati ya korti. Idrissa alilipindua birika lake. Halikutoa hata tone. Bwana Shauri alitazama barabara walikopita ng'ombe.

BWANA SHAURI: Sijui, Stefano. Kitabu hakisemi.

Stefano akavaa kofia yake, akatabasamu kwa meno yote aliyorudi nayo kutoka Bama.

STEFANO: Ahsante, Bwana. Mwaka juzi niliambiwa nifunge viatu. Leo nimeambiwa "sijui". Tunakwenda, tunakwenda.

Kefa akampigia mluzi wa stesheni, ule wa treni kuondoka. Sijawahi kuusikia ukipigwa vizuri vile. Bwana Shauri naye, nadhani ili kupata pa kuegemea, akakifunga kitabu na kugeuza maneno.

BWANA SHAURI: Lakini kuna jambo jingine la kulala nataka kuwauliza. Tangu mwezi uliopita, kila asubuhi nakuta ng'ombe mwekundu amelala kwenye kibaraza cha korti, mlangoni mwa ofisi yangu. Mlinzi ananiambia alidhani ni wa Serikali. Leo asubuhi amepiga chafya, makarani wakatoka dirishani. Ni wa nani?

Benchi zima likageuka. Hata wapita njia waliokuwa wamejibanza kukwepa mvua waligeuka.

IDRISSA: Pana ukuta.

KEFA: Pana mlinzi.

Nikatafuta maneno. Sikuwa nayo. Basi nikafuata mafunzo: nikaanguka. Nilianguka vizuri, mgongo mzima kwenye tope, mguu mmoja hewani, kama tulivyofundishwa. Wakacheka wote, Mwingereza naye akacheka. Bwana wa Tabora alisema kweli, ukianguka unapata nafasi ya kukumbuka. Nililala pale nikakumbuka hukumu ilivyosomwa, neno kwa neno.

Bi Harusi nilirudishiwa jioni ile ile. Samadi ikabaki kwa aliyemlaza.

Msimu ule uwele wa Mughwai ulimfunika Kristina akisimama. Kule Mandewa, Naftali alipata mistari michache ya kijani karibu na nyumba, na Dina akaanza kumtazama kama mtu. Kwenye kibaraza cha korti maua ya Serikali yalichanua mpaka nyuki wakaomba njia. Na wangu uwele ulitoka kama ndevu za mvulana: hapa mmoja, pale mmoja. Mke wangu Felista akasimama katikati ya shamba, mikono kiunoni, akauliza ni nani aliyetunga sheria ya kijinga namna hii. Nikamwambia ni Mwingereza. Nikafikiri, nikamwambia ni Mfaransa. Nilipofika kwa Mlatini akanikatiza, akasema majirani wote wamemweleza ni nani aliyepiga makofi mpaka kofia ikakwama juu ya paa la korti.